Matundu Mawili ya MC Kimotho

Harusi ya mwisho ambayo Ephantus Kimotho aliiendesha kama MC ilikuwa ya binti wa rafiki yake Kabiru, mwenye bucha kwenye stendi ya 46 mtaani Kawangware, Nairobi, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Si kwamba utani ulikuwa umemwishia. Kwa miaka thelathini na kitu Kimotho alikuwa ameshika maikrofoni kwenye harusi, siku za mahari na michango ya kanisa, na utani alikuwa nao wa kujaza lori. Tatizo lilikuwa uso. Alipotoa kile kisa cha bwana harusi aliyemla mbuzi wa mahari akiwa bado njiani, kisa ambacho miaka yote kiliwaangusha akina mama vitini, wageni walimtazama kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Nyusi hazikupanda. Mdomo haukupinda. Sauti ilitoka nyembamba, bila mlima wala bonde. Mama mmoja wa mstari wa mbele alitoa leso akajifuta macho, akimwonea huruma bwana harusi wa kile kisa kwa njaa aliyokuwa nayo.

Baadaye Kabiru alimvuta nyuma ya hema. "Kimotho, kwani uko na hasira na mimi?"

"Hasira gani? Nilikuwa nacheka."

"Ulikuwa unachekea wapi?"

"Ndani," Kimotho akasema.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kutetemeka tangu mwaka uliotangulia, lakini aliuficha mfukoni. Mwandiko wake nao ulikuwa umepungua ukawa kama siafu wanaohama. Hospitalini daktari alimwambia agonge vidole, atembee hadi dirishani, ageuke, arudi. Kisha akamwambia ni ugonjwa wa Parkinson. Ndani kabisa ya ubongo, daktari alieleza, kuna seli zinazotengeneza dopamini, ile kemikali inayoufanya mwili utii unapoamrishwa. Za Kimotho zilikuwa zimekufa zaidi ya nusu.

"Zimekufaje na mimi sijazikosea?" Kimotho akauliza.

Daktari alimpa vidonge. Hakucheka, kwa sababu uso aliokuwa akiutazama haukuonyesha kwamba kulikuwa na cha kuchekesha.

Kimotho alikuwa mwenyeji wa Kawangware wa tangu zamani, wakati watu walikuwa bado wanafunga ng'ombe pale ambapo sasa ni stendi ya boda boda. Baba yake alimwachia kipande cha shamba, naye akajenga hapo ploti ya kupangisha, vyumba ishirini na viwili, vya mabati kwanza, halafu vya mawe. Wapangaji wake wengi walikuwa Wajaluo kutoka upande wa ziwa, na kwa sababu ya kazi yake ya u-MC alikuwa ameokota Kijaluo cha kutosha kuwachekesha wakwe. Mkewe Wangoi alikuwa amefariki, binti yao wa pekee, Wangeci, alikuwa muuguzi huko Kanada, na nyumbani alibaki yeye na mfanyakazi wake wa mchana, Christine Amolo.

Amolo aliishi Soweto West, Kibera. Alianza kwa kumfulia mara moja kwa wiki, na ugonjwa ulipoongezeka akawa anakuja kila siku, kwa miguu, akikata Ngong Road asubuhi na mapema. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, na hakuwa na subira na mtu anayejihurumia. Yeye alimwita Mzee. Kimotho alimwita Mama Billy, kwa jina la mwanawe aliyekuwa fundi wa stima Kisumu.

Kitu cha kwanza kilichomletea Kimotho aibu ya hadharani kilikuwa milango. Kila alipofika mlangoni, miguu iligoma. Iliganda kabisa, kama imepigwa gundi, na yeye akabaki amesimama akiinama mbele kidogo, sikio likielekea mbao. Alikuwa akizunguka ploti kuangalia bomba linalovuja au taa iliyoungua, lakini wapangaji waliokuwa wakifungua milango yao na kumkuta pale hawakuona bomba.

"Mzee, niaje?" kijana mmoja wa chumba namba tisa alimwuliza. "Umesikia yote, ama nianze tena?"

Uvumi ulienea kwamba mwenye ploti anasikiliza mambo ya watu. Amolo ndiye aliyeukomesha. Siku moja alimwona Kimotho ameganda kwenye korido, na kabla hajamfikia, akamwona anainua mguu juu ya ufagio ulioachwa sakafuni, anaruka, kisha anatembea vizuri tu. Amolo aliuacha ufagio pale pale. "Rudi tena, Mzee." Akarudi, akauruka. Alasiri ile Amolo alinunua chaki akachora mistari kila mlangoni, hatua kwa hatua, na Kimotho akapita ploti nzima bila kukwama.

Watoto wa ploti waliamua mistari ni ya kwao ya kurukaruka. Ikawa Kimotho akitaka kwenda chooni anasubiri foleni, na msichana mdogo mwenye mapengo anamwita babu kwa Kikuyu, "Guka, si zamu yako."

Hali ilikuwa hiyo Wangeci alipopiga simu.

"Baba, kuna utafiti hospitali fulani huku," akasema. "Wanachukua seli shina, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, wanazilea maabara mpaka zinakuwa seli changa za ubongo. Halafu wanazipandikiza pale ambapo zako zilikufa."

"Seli za nani?"

"Zilianza kwa mtu mmoja miaka mingi iliyopita. Jina halijulikani."

"Ni Mkikuyu?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Sitaki niamke nashabikia timu nisiyoijua."

Wangeci alikuwa na mazoea ya kuisikia sauti ile nyembamba, kwa hiyo alicheka. Kisha akamweleza lile jambo gumu. Ili wajue ukweli, watafiti waliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Wengine wangepata seli. Wengine wangelazwa usingizi vilevile, wangetobolewa fuvu kidogo bila kufika ndani, na kushonwa. Hakuna ambaye angeambiwa alipata nini kwa mwaka mmoja na nusu, hata daktari anayewapima.

Kimotho alijipapasa paji la uso. "Wanitoboe kichwa halafu wasiweke kitu," akasema. "Hata fundi wa hapa 46 hafanyi hivyo. Akitoboa ukuta, angalau anakuachia msumari."

Makaratasi ya kuishi Kanada alikuwa nayo. Wangeci alimtafutia baada ya mama yake kufariki, na Kimotho alikaa kule majira mawili ya baridi kabla hajatoroka. Kwa hiyo njia ilikuwepo. Kilichobaki kilikuwa moyo. Alimwuliza Amolo, aliyekuwa akichambua mboga za terere.

"Mzee, ukikaa hapa hizo seli zitajiotea zenyewe kama terere?"

"Hapana."

"Basi nenda. Sweta nitakupakia mimi."

Kabiru naye alikuwa ameshawatangazia wateja wote wa bucha kwamba Kimotho anakwenda kuwekewa ubongo wa Mzungu. Kanisani waliomba mbele ya madhabahu kwamba akirudi bado akumbuke Kikuyu.

Siku ya upasuaji, akisukumwa kitandani, Kimotho alimwambia daktari mpasuaji kwamba nyumba anayoingia ina chumba kimoja tu, asije akapangisha familia kubwa. Daktari alitikisa kichwa kwa heshima. Kimotho alilala akiwa amekasirika kidogo. Alipozinduka alikuwa na plasta mbili juu ya paji la uso na Wangeci ameshika mkono wake.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa nini, Baba?"

"Zimeota?"

Zingechukua miezi, walimweleza, pengine mwaka. Seli zilizopandikizwa ni kama watoto: zinyooshe mizizi, ziungane na majirani, ndipo zianze kutoa dopamini. Alipewa vidonge vya kuzuia mwili usizifukuze kama wageni wasioalikwa, na akaonywa kwamba vidonge hivyo vingempunguzia kinga. Avae barakoa. Asishike watu mikono. Baada ya miezi sita ya kupimwa kila mara, walimruhusu arudi nyumbani, ili mradi awe anakwenda tena kwa vipimo.

Kabiru alichinja mbuzi. Majirani walijaa uani wakingoja kumwona mtu akishuka kwenye gari huku akicheza. Akashuka Kimotho yule yule, pole pole, mkono unatetemeka, barakoa usoni, na Kabiru alipomnyooshea mkono, akaurudisha wake nyuma.

"Ameenda ng'ambo akarudi na maringo," mtu mmoja alinong'ona.

"Kimotho," Kabiru akasema, "safari yote hiyo, na mkono bado unacheza?"

"Seli ni changa," Kimotho akajibu. "Ziko shule. Zikifunga muhula nitawaletea ripoti."

Watu walitazamana. Nyuma, karibu na sufuria, kicheko kimoja kikubwa kilipasuka, na kilikuwa cha Amolo.

Baadaye, jikoni, Kimotho alimwuliza alijuaje kwamba ule ulikuwa utani, maana uso wake hausemi kitu.

"Uso siuangalii," Amolo akasema. "Kabla ya utani huwa unavuta pumzi na pua. Hivi." Akaiga. "Nilijua kitambo."

Kwa miaka mitatu Kimotho alikuwa akidhani anaongea peke yake.

Kuanzia hapo Amolo aliishika kazi kama mtu aliyekabidhiwa jeshi. Wangeci alimtumia maagizo, naye akayaweka kwenye simu yake, kengele tano kwa siku, kila kidonge na saa yake, hata kama Kimotho yuko katikati ya sala. Alikuwa ameambiwa kwamba nyama na maharagwe vikiliwa pamoja na dawa huizuia dawa isiingie vizuri, basi nyama akaihamishia jioni. Kabiru alileta maini saa sita mchana akarudishwa nayo mlangoni, na alinuna wiki mbili. Amolo pia aligundua kwamba Kimotho hakwami akitembea kwa wimbo, kwa hiyo jioni alipokuwa anarudi kwake, alimchukua amsindikize. Mwanzo walifika kwa Kabiru tu. Kisha Ngong Road. Kisha Kibera yenyewe, mpaka mlango wa Amolo kule Soweto West, ambapo Kimotho alikunywa uji nje kwenye kiti cha plastiki na kurudishwa na boda boda. Njiani waliimba nyimbo za kwaya za Kijaluo, Amolo akiongoza na Mzee akijibu kwa besi yenye kutu, na watu wa Kibera waligeuka kumtazama mzee wa Kikuyu aliyejifunga barakoa akimsifu Mungu kwa jina la Nyasaye.

Na asubuhi, kabla ya chai, Kimotho alikuwa na mazungumzo yake binafsi. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema na zile seli kama anavyosema na wapangaji wapya. Aliwakaribisha. Aliwauliza kama wamelala vizuri. Aliwaambia pole kwa kelele za nyimbo. Aliwaonya kwamba mwenye kiwanja anataka kuona kazi.

Mwezi wa nane alifunga vifungo vya shati mwenyewe, vyote saba. Mwezi wa kumi aliandika jina lake na Wangeci akalisoma kwenye picha bila miwani. Mwaka ulipotimia, kwaya ya Amolo ilikuwa na mchango wa kununua kinanda, na MC aliyekodiwa hakutokea. Amolo hakumwomba Kimotho. Alimpa tu maikrofoni kama mtu anayempa mwenzake chumvi. Madirisha yalikuwa wazi, barakoa aliivuta hadi kidevuni, akavuta pumzi kwa pua, akaanza kwa Kijaluo chake kibovu kisa cha mzee aliyeimba mpaka akabatizwa mara ya pili. Akina mama wakaanguka. Mmoja alipiga kelele, "Angalieni nyusi zake!" Na kweli zilikuwa zimepanda.

"Seli zimeingia kazini," Kabiru alitangaza siku iliyofuata, akikata mbavu. Kawangware yote ilikubaliana.

Ndipo ikafika siku ya kufunguliwa siri. Walikaa sebuleni, Kimotho, Amolo na Kabiru, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na kwenye kioo daktari wa Kanada pamoja na Wangeci aliyekuwa akitafsiri yale magumu. Daktari alimshukuru kwanza. Kimotho aliyejua kuendesha hafla alitambua kwamba anayeanza kwa shukrani ndefu ana habari mbaya.

"Baba," Wangeci akasema, "ulikuwa kwenye lile kundi lingine. Hawakuweka seli."

Nje watoto waligombania mstari wa chaki.

"Hata moja?" Kimotho akauliza.

"Hata moja. Ni yale matundu tu, na hayakufika ndani."

"Na zile dawa za kuzuia mwili usifukuze?"

Wangeci aliuliza kule, akarudi. "Zilikuwa vidonge vya unga tu, Baba. Ili mtu asigundue."

Kabiru alisimama. "Ngoja. Umeninyima mkono mwaka mzima kwa sababu ya unga?"

Daktari alieleza kwamba nafuu yake haikuwa ya kubuni, vipimo viliiona. Ubongo unaotarajia kupona waweza kukamua dopamini kutoka kwa seli zilizobaki. Tena dawa zake za kweli zilikuwa zinamezwa kwa saa yake, anakula kwa mpango, anatembea kilomita nyingi kwa wimbo. Lakini alimwambia wazi kwamba ugonjwa haukusimama, na kwamba nafuu ya matumaini mara nyingi huisha. Kisha akasema la mwisho: walioangukia kundi la matundu matupu sasa wangeweza kupewa seli za kweli, wakitaka. Kati ya waliozipata, wapo waliopata nafuu kubwa, wapo waliopata kidogo, na hakuna aliyepona kabisa.

Simu ilipozimwa Kimotho alitoka akaenda kukaa kwenye kibaraza. Alijihisi kama mtu aliyefagia nyumba, akapika, akavaa koti, akangoja wageni mwaka mzima, halafu akaambiwa hawakuwahi hata kupanda gari. Aliona haya. Alikuwa hata amezitakia zile seli heri ya Krismasi.

Amolo alimfuata na kikombe cha chai.

"Mama Billy," akasema bila kugeuka, "asubuhi zote zile nilikuwa naongea na nani?"

"Na mimi," Amolo akajibu. "Niko jikoni pale, ukuta ni mbao. Nilikuwa nasikia kila kitu. Umeniuliza kama nimelala vizuri miezi kumi na miwili."

Kicheko kilimtoka Kimotho kabla hajakipanga. Kilianzia tumboni, kikafika mabegani, kikafika usoni na uso ukakipokea, mashavu na macho na yote, mpaka Kabiru akatoka mbio akidhani ni degedege. Kabiru alipoambiwa akacheka pia, na jioni hiyo alisalimiana na rafiki yake kwa mikono miwili, kwa muda mrefu, kama mtu anayedai malimbikizo.

Kuhusu kurudi Kanada, Kabiru alipinga. "Ukipona bila kitu, wakikuwekea kitu si utaharibika?"

Amolo hakusema neno kwa siku tatu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Siku ya nne alisema, "Mzee, kengele nitaweka, nyimbo nitaimba. Lakini mwezi huu umeganda mara sita. Mwezi uliopita mara mbili. Nimehesabu."

Kimotho alikuwa amehesabu pia.

"Nitaenda," akasema. "Shimo walishachimba. Wakaweke mbegu."

Akaenda. Safari hii sindano ilifika ndani, na hakuna aliyemficha chochote. Vidonge vya kupunguza kinga navyo vilikuwa vya kweli, na alipata kuvijua: mwezi wa nane tangu upasuaji, akiwa amerudi Kawangware, alishikwa na kifua, akalazwa wiki nzima, akawaambia wauguzi kwamba vile vya unga vilikuwa na tabia nzuri zaidi. Sasa ni miezi kumi na minne. Picha za ubongo zinaonyesha kwamba seli ziko hai. Dozi ya zile dawa za zamani imepunguzwa kidogo. Mkono wa kushoto bado hucheza asubuhi za baridi, sauti bado hupotea akichoka, na kwenye milango mingine bado anatafuta mstari. Asubuhi haongei tena na mtu kitandani. Huenda jikoni moja kwa moja.

Mwezi uliopita kikundi cha wagonjwa wa Parkinson kinachokutana katika ukumbi wa kanisa moja Kibera kilimwalika azungumze. Walikuwa kumi na wanne, pamoja na wanaowatunza. Rachael, mwalimu mstaafu ambaye kichwa chake kilikuwa kikitikisika muda wote kama anayekataa kila kitu, aliinua mkono kwanza.

"Mzee, tuambie ukweli. Hizo seli zinafanya kazi ama hazifanyi?"

"Mwalimu, mara ya kwanza niliapa kwamba zinafanya kazi, na hazikuwepo," Kimotho akasema. "Kwa hiyo usiniulize mimi, waulize wenye mashine. Wao wanasema zinaonekana kufanya kazi kidogo kidogo, na bado wanahesabu. Mimi najua tu kwamba mwaka huu sijaanguka."

Kijana mmoja aliyemleta mama yake alitoa mfukoni pakiti ya rangi ya dhahabu. Alikuwa ameuziwa mtaani, akaambiwa ni seli za kukoroga kwenye maji. Kimotho aliichukua, akaisoma mbele na nyuma, akampa Amolo. Amolo aliifungua, akaonja kwa ncha ya kidole.

"Ni maziwa ya unga na vanila," akasema. "Usimpe mama yako hii badala ya dawa yake. Na huyo aliyekuuzia, mlete hapa wiki ijayo, tutampa kiti mbele."

Ukumbi ulicheka. Halafu Rachael akaomba kuyaona yale matundu. Kimotho alivua kofia akainamisha kichwa, akamwonyesha mahali pawili palipobonyea chini ya nywele, na mwalimu akanyoosha kidole chake kinachotetemeka. Nyuma yake foleni ilikuwa imeshajipanga, kumi na watatu na hata watu waliokuwa wamekuja tu kuazima viti.

"Hakuna mtu anagusa kichwa hapo!" Amolo akapaza sauti, akivuta ndoo ya maji na sabuni katikati ya njia. "Huyu kinga yake ni kidogo. Nawa mikono kwanza, halafu moja moja."